Swali Nililomwuliza Chelagat Kila Pasaka

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa nondo. Katekista Mkuu wa parokia, mzee mrefu aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka, alinipeleka nyuma ya kanisa letu la Boito akanionyesha rimu ya lori iliyoning'inia mtini kwa mnyororo. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele yetu.

“Ukigonga ya kwanza, watu wanamaliza kukamua,” akaniambia. “Ukigonga ya pili, wanatafuta viatu. Usigonge ya tatu, watafikiri kuna nyumba inaungua.”

Vijana wa leo wakisikia neno katekista hudhani ni padre aliyeshindwa na masomo. Hapana. Katekista ni mwalimu wa dini, mtu mwenye mke, watoto na shamba la chai kama jirani zake. Parokia moja ina vigango vingi, yaani makanisa madogo ya vijijini, na padre hawezi kuwa kila mahali Jumapili. Asipofika, katekista huongoza ibada, hutembelea wagonjwa na hata kuzika. Katikati ya wiki hufundisha wanaojiandaa kupokea sakramenti, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Mimi niliifanya Boito, nikahamishiwa Silibwet, nikamalizia Sosiot. Sikumbuki asubuhi hata moja niliyoamka nikaichukia, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Padre Paroko wetu wa Boito hakuwa mtu wa maneno mengi. Nilipokwenda kwake kuuliza nianzie wapi, alinitazama kisha akatazama tumbo la mke wangu Rosa, aliyekuwa na mimba ya kwanza.

“Mwalimu, anzia kwako,” akasema. “Watu hawatasikiza mahubiri yako. Wataangalia watoto wako.”

Tulijaliwa watatu: Kiprono, Chelagat na Kibet. Boito haikuwa na shida kubwa ya malezi isipokuwa Jumapili za msimu wa mvua, chai inapochipuka kwa fujo na kituo cha kupimia majani kinafunguliwa hata siku ya Bwana. Majirani walichuma. Sisi tulikwenda kanisani, na Jumatatu majani yetu mengine yalikuwa yamekomaa mno, yakakataliwa mezani mbele ya kila mtu. Kiprono aliniuliza kama Mungu anajua jinsi majani yanavyoota haraka. Nilimwambia anajua, kwani ndiye anayeyaotesha. Hakuridhika, nami pia sikuwa nimeridhika sana.

Silibwet ilikuwa kitu kingine. Tuliishi karibu na senta, na kila Jumapili kulikuwa na mpira kwenye televisheni za hoteli, muziki mpaka jioni, na vijana wakibeti kwa simu. Hakuna aliyetukana dini. Watu waliiona tu kama mwavuli wa nyanya yao, kitu cha heshima ambacho hakuna anayekibeba. Wanangu walikua humo na sikutaka kuwafungia ndani. Mimi na Rosa tuliweka sharti moja: kabla ya chakula cha jioni tunasali fungu moja la rozari, na simu zote zinaingia kwenye kikapu cha kuchumia chai kilichoning'inia ukutani. Fungu moja tu, maana mwanzoni tulijaribu yote matano na ugali ukawa jiwe. Mara nyingi kikapu kililia katikati ya Salamu Maria, na mara nyingi simu hiyo ilikuwa yangu. Watoto walicheka mpaka Rosa naye akashindwa kujizuia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kipaimara ni sakramenti ambayo Askofu humpaka mtu mafuta ya Krisma kwenye paji la uso, ili aliyebatizwa akiwa mtoto aishike imani yake mwenyewe. Siku hiyo katekista husimama mbele ya kanisa lote na kuwaleta wanafunzi wake. Kwetu Askofu alikuwa akimwuliza kwa sauti, “Hawa wako tayari?” na katekista hujibu, “Wako tayari.” Lile ni neno langu mbele ya altare. Kwa hiyo nilikuwa na desturi yangu, ambayo haikuwa katika kitabu chochote. Masomo yakiisha, nilimwita kila mtoto peke yake nje na kumwuliza, “Uko tayari?” Wengi walisema ndiyo wakakimbilia mpira.

Chelagat alikuwa kidato cha tatu. Alijua katekisimu kuliko watoto wote wa kigango, na wengine nilimwachia awafundishe. Zamu yake ilipofika nilimwuliza huku tayari nikiangalia nani anayefuata.

“Bado, Baba,” akasema.

“Bado nini? Si unajua kila kitu?”

“Kujua najua. Lakini nyumbani naomba juu wewe uko hapo. Nikiwa shule siombi, na sioni tofauti. Sasa nikisema niko tayari, si nitakuwa nadanganya Askofu?”

Nilimkasirikia na nikamwonea fahari kwa wakati mmoja, na sikujua nianze na lipi. Hofu ilikuja baadaye, nikiwa peke yangu nafunga kanisa. Nikimlazimisha, atapakwa mafuta kisha ajifunze kuniambia ninayotaka kusikia, na sitamjua tena binti yangu. Nikimwacha, huenda akaenda zake asirudi kamwe. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu wengi, na huyu wangu ndiye aliyekuwa akiteleza mikononi.

Rosa alilia. Gauni jeupe lilikuwa limeshashonwa. Mwenyekiti wa kigango, rafiki yangu wa siku nyingi, alikuja nyumbani, akanywa chai, akaguna.

“Mwalimu, wewe peleka tu huyo msichana,” akasema. “Itamshika huko mbele. Sasa katekista akikosa mtoto wake kwa laini ya Kipaimara, sisi wengine tutaambia wetu nini?”

 Nilikwenda kwa Padre Paroko wa Silibwet, mtu wa upande wa ziwani, mcheshi, ambaye siku hiyo hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Amekuambia ukweli,” akasema. “Mimi nakaa kwa kitubio miaka yote hii nikingoja watu waniambie ukweli kama huo. Usimwadhibu kwa sababu yake.”

“Basi nifanye nini, Padre?”

“Muulize tena mwaka ujao. Mara moja tu, usimchoshe. Na jibu lolote akupe, mpikieni chakula.”

Siku ya Kipaimara Chelagat alikaa kando ya mama yake, amevaa sketi ya shule. Gauni jeupe lilivaliwa na binti wa mwenyekiti, na lilimkaa vizuri. Askofu aliniuliza, nami nikajibu, “Wako tayari.” Sauti yangu haikutetemeka, maana kwa kadiri nilivyojua nilikuwa nasema kweli. Kwenye kituo cha majani watu walinong'ona kwamba Mwalimu ameshindwa na mtoto wake mwenyewe. Nilimeza.

Tangu hapo, kila Pasaka baada ya Misa nilimwuliza. Alinijibu, “Bado, Baba,” kisha tukaenda kula. Alimaliza shule, akasomea uuguzi, akapata kazi mjini Kericho. Jumapili nyingine alikuwa zamu, nyingine alilala tu, na hakunificha. Lakini jioni lazima apige simu aniulize nimehubiri nini, kisha abishane nami mpaka Rosa aninyang'anye simu. Kiprono, aliyepokea Kipaimara bila swali, siku hizi huonekana kanisani kukiwa na harusi. Kibet anaimba kwaya huko Nakuru na hutuma rekodi ambazo lazima nizisifu. Malezi hayafuati mtaala, vijana, na sikuyaelewa zaidi nilipozeeka. Ninachoweza kusema ni kwamba wote watatu wakija nyumbani huweka simu kwenye kile kikapu bila kuambiwa.

Nilistaafu mwaka jana, Sosiot, siku ya Pasaka. Huko kuna kengele ya kweli, kwa hiyo katekista mpya, dada mmoja mwenye diploma na sauti nzuri, nilimkabidhi funguo tu. Waumini walinivisha blanketi la heshima ya wazee, wakaimba, wakaleta mursik, yale maziwa yetu ya kwenye kibuyu, mengi kuliko tulivyoweza kunywa. Nilitazama wale watu, nikawakumbuka mapadre walionivumilia na Rosa aliyevumilia zaidi, nikalia bila aibu.

Chelagat alikuwapo, na sikumwuliza. Nilijiambia kazi imekwisha, sina tena wa kumjibia mbele ya Askofu. Wageni walipoanza kuondoka nilimkuta mlangoni mwa jikoni akisuuza vikombe.

“Baba, mwaka huu hujaniuliza.”

“Nimestaafu, mama.”

“Umestaafu kazi ya parokia. Hii yangu, nani amekustaafisha?”

Nikaliweka blanketi chini. Nikamwuliza kama nilivyomwuliza pale nje ya kanisa, “Uko tayari?”

Hakujibu haraka kama miaka mingine. Alisuuza kikombe kimoja, akakigeuza, akakisuuza tena ingawa kilikuwa safi.

“Bado, Baba,” akasema. “Lakini mwaka ujao usinisahau tena.”

Nilimwambia sitasahau. Kisha nikachukua kitambaa, nikamsaidia kukausha vikombe.