Neno Alilokuja Nalo Wobbe

Lubbert Ariszoon alikuwa fundi wa kuchonga ramani kwenye mabamba ya shaba, na Amsterdam nzima mafundi wa kumshinda kwa herufi ndogo walikuwa wa kuhesabika. Alizichonga kinyumenyume, ili zikipigwa chapa zisomeke sawa. Mkewe alifariki mapema bila mtoto. Ndugu aliyembakia ni Wobbe tu, mdogo wake, baharia wa Kampuni, ile yenye meli za biashara za Mashariki ya Mbali.

Wobbe aliporudi kutoka safari ya kusini alifikia karakanani kwa Bwana Hessel, alikofanya kazi kaka yake, mfuko wa nguo begani, amekonda, meno mawili hana. Alimkuta kaka yake ameinamia bamba la kisiwa kilekile alichotoka kukiona. Maagizo yalikiita Kisiwa cha Van Halteren, jina la mkubwa mmoja wa Kampuni ambaye hajapata kusafiri mbali kupita Utrecht, mji wa jirani.

Wobbe alicheka. Akasimulia kwamba waliposhuka kutafuta maji, walimkuta mwanamke akibandua chaza miambani. Hakukimbia. Aliipiga ardhi kwa kiganja, akatamka neno, akalirudia mara tatu, kama anayemfundisha mtoto. Nahodha akasimika nguzo yenye nembo ya Kampuni, wakaondoka.

"Kina jina tayari, kaka," Wobbe alisema, akalitamka. "Liweke."

"Mimi nachonga ninachopewa."

"Hata kwa chini, kwa hizo herufi zako za sisimizi? Nani atakuuliza?"

"Bwana Hessel. Wewe kesho uko baharini, mimi ndiye nitakayezunguka kuomba kazi."

"Haya. Ila usije ukasema hukuambiwa."

Walikula samaki wa chumvi na mkate mweusi, na Wobbe akaacha bia yake nusu, jambo ambalo si kawaida yake. Baridi ilipokwisha akapanda meli tena. Homa ilimuua katika bandari ya Batavia, huko Mashariki.

Ikapita miaka kumi na mitatu. Siku moja Bwana Hessel, mwenye karakana, alikuwa akipiga soga na mafundi wake, akakiri kwamba macho yake hayajawahi kuziweza herufi ndogo.

"Mimi naangalia picha," alisema. "Lubbert angeandika jina la shangazi yake, ningeuza vilevile."

Wenzake walicheka. Lubbert hakuweza.

Juma lile bamba la kisiwa lilikuwa limelika, linataka kuchongwa upya. Lubbert akashika patasi yake ndogo, akasubiri neno lije. Alimwona mwanamke, alikiona kiganja, alimwona Wobbe na mapengo yake. Neno halikuja. Hata sauti yake ya kwanza hakuwa na hakika nayo.

Akaenda Hoorn kwa Aleid, mjane wa Wobbe. Aleid alimsikiliza huku akimenya karoti, mwisho akaiweka chini ile aliyoishika.

"Alikuwa akilitaja usingizini, shemeji," alisema. "Nilidhani ni jina la hawara. Nikajilazimisha kulisahau."

Lubbert alirudi Amsterdam, akachonga Van Halteren upya, na kwa kuwa mistari ya zamani haikufutika, jina lilizama ndani zaidi kuliko mwanzo. Chini yake aliacha nafasi ya upana wa vidole viwili. Bwana Hessel akaiona, akasema shaba haikai bure, hapo panafaa nyangumi.

Lubbert akamchonga nyangumi.