Wakili Aliyekubaliwa na Benki

"Dada, shemeji yako ni wakili na namheshimu, lakini benki haimjui!" wakili alilalamika. "Mkopo wanatoa wao, na wakili ni yule waliyemkubali." Fundi cherehani, mnunuzi wa nyumba, alibetua mdomo. Shemeji angeshamaliza, lakini huyu mama wakili alivua viatu chini ya meza, akafuata kila mstari kwa kidole, midomo ikimcheza kama anayesali, na akifika mwisho wa ukurasa anauanza upya. Muuzaji aliponyakua kalamu atie saini, wakili aliufunika mkataba kwa kiganja chake kipana.

"Mkeo yuko wapi?"

"Nitamwambia."

"Kumwambia si kumuuliza. Mlete."

Mke alifika na aproni kiunoni. "Kumbe tunahama, na mimi naambiwa na wakili?" Alimchamba mumewe mpaka kijasho kikamtoka. "Nyumba yenyewe nimeichoka, lakini ungeniuliza!" Kisha akatia saini.

"Bila saini hiyo," wakili alimwambia fundi, "ungehamia leo, kesho ukaitwa mahakamani." Fundi akashusha pumzi ndefu.

"Nisamehe, mama. Nimekusengenya mtaa mzima."

"Nilisikia," wakili alisema, akitafuta kiatu kwa mguu. "Yameisha. Nenda kahamie kwako."