Neno Moja la Kumwongezea Sefu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile ya kuamkia kwenda kituo cha polisi Kilindoni kutoa maelezo juu ya Sefu. Nilikuwa na nguvu zangu bado, nafunga mwani kutwa nzima na mgongo siusikii. Si kama sasa, kuinuka kwenye mkeka ni mpaka nishikwe mkono.

Sefu alikuwa jirani yetu hapa Ndagoni, mvuvi wa baruti. Akilipua mwambani, anaokota samaki wakubwa, wadogo anawaacha wakielea. Siku moja alilipua baba yangu akiwa chini ya maji anakagua dema lake la kutegea samaki. Baba aliibuka damu inamtoka masikioni, na tangu hapo ukitaka kusema naye lazima akutazame mdomo. Kwa hiyo usiniulize kama nilimchukia Sefu. Nilimchukia sana.

Basi akakamatwa na baruti nyumbani kwake, na mimi nikaitwa kwa kuwa nilimwona akiishusha pwani. Wakati huo redioni habari zilikuwa za ugaidi tu, na Sefu alishapokea wageni kutoka bara ambao hakuna aliyewajua. Jioni majirani wakajaa uani kwetu. Mama Zena, ambaye mumewe naye alikuwa mvuvi, akanisogelea.

"Wewe mwambie askari ulimsikia akisema atalipua watu. Hilo moja tu. Kesi ya ugaidi haina dhamana, harudi huyo."

Wenzake wakaitikia. Na mimi, sikufichi, nikakubali, tena kwa furaha.

Baba alikuwa pembeni anasuka dema, tukadhani hana habari. Kumbe anatutazama midomo. Watu walipoondoka akaniita.

"Sefu alikwambia atalipua watu?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Sasa hayo ya kesho umeyasikia wapi?"

Nikamjibu kwamba kosa la uvuvi litamfunga muda mfupi tu, kisha atarudi kutucheka.

"Masikio ni yangu," akasema. "Nimeumizwa na mvuvi. Ukimgeuza gaidi, kesi ya masikio yangu ataisema nani? Na mtu akikuchukia wewe, naye akakuongezea neno lake moja, utamlilia nani, nawe ndiye uliyeanza?"

Nililia usiku ule kwa hasira. Nilimwona baba mjinga.

Asubuhi askari aliniuliza kwa upole kama niliwahi kumsikia Sefu akitishia watu au serikali. Sijawahi kuona neno zito kama ile "hapana" niliyomjibu. Niliyaeleza ya baruti yote, sikupunguza hata chembe, na masikio ya baba nikayataja. Sefu akafungwa kwa hayo. Alipotoka hakunishukuru, na Mama Zena hakunisalimia mpaka anakufa.

Ninakuambia haya, mwanangu, kwa sababu siku hizi nawasikia na simu zenu. Kijana mgeni akishuka hapa na ndevu zake na begi lake, kabla hajapata pa kulala mmeshatumiana picha yake, gaidi huyo. Sisemi ufumbe macho. Hatari ipo, na watu wameuawa kweli. Ukiona silaha, ukisikia mtu anapanga kuua, nenda kaseme hata kama ni ndugu yako. Ila sema ulichokiona kwa macho yako na uishie hapo. Ulichokisia, useme umekisia. Adui yako mshitaki kwa kosa alilolifanya, hilo linatosha, na kama halitoshi usilijazie wewe.

Mungu akuepushe na wenye kuua. Na ikitokea siku maisha yako yamo katika maneno ya mtu mwingine, akupe shahidi anayekuchukia kama nilivyomchukia Sefu, na bado aseme kweli. Amin.