Behewa Zima Lilikula Migebuka ya Bibi

Juzi mmoja wetu alituma picha kwenye kundi la simu la sisi tuliosoma pamoja Katubuka. Behewa la daraja la tatu, la zamani, limesimama stesheni ya Kigoma, madirisha wazi, mikono ya abiria imening'inia nje. Chini yake ameandika kwamba raha za namna ile hazitarudi. Basi wakaanza. Huyu anakumbuka chumvi ya Uvinza, yule asali ya Kaliua, mwingine akamkumbuka mwalimu wetu wa darasa la tatu, jinsi alivyopenda kusafiri kwa treni kila likizo, na wote wakamwombea alale pema.

Na alale pema, sijasema asilale. Lakini mimi niliitazama picha ile damu ikanichemka. Nikaizima simu, nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Wewe unanijua siku nyingi, unajua mimi si mtu wa kununa ovyo. Ndiyo maana nakuambia wewe, kwa sababu kundini sikuandika hata neno.

Nililelewa na bibi mzaa mama, Katubuka, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye michikichi miwili nyuma. Bibi alizaliwa milimani huko Uha, akashuka mjini akiwa mke wa mtu, na Kiswahili alijifunza ukubwani. Alikisema polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Lakini kusalimia, hapo hakuhitaji Kiswahili. Bibi alisalimia kwa makofi, kama Waha wa zamani wote. Anainama kidogo, anakunja viganja ili sauti itoke nzito, anapiga taratibu huku akiuliza: Mwakeye? Mmeamkaje nyumbani? Watoto je? Mihogo je? Na kila swali lina makofi yake, na wewe unaitikia kwa makofi yako, hata kama maji yanachemka jikoni yanamwagika. Kila asubuhi kabla ya uji tulisalimiana hivyo mimi na yeye. Hakuna sauti niliyoijua mapema kuliko ile.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu walishuka ziwani kwa maboti, wengine walikuja kwa miguu, na uwanja wa stesheni ulikuwa umejaa vyungu, magodoro na watoto waliolala juu ya mabunda ya nguo wakingoja kupelekwa kambini. Bibi alipeleka uji pale karibu kila siku, kwenye ndoo yenye kifuniko, mimi nikibeba vikombe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo alivyosema, na akakaa kusalimiana nao, maana nao walisalimia kwa makofi, na salamu zao na zake zilielewana.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Neno mkimbizi lilikuwa tusi. Ukikosa kalamu, mkimbizi. Ukivaa sare iliyochanika, mkimbizi. Siku moja nilimsalimia mwalimu wetu kwa makofi, bila kufikiri, kama nilivyofanya nyumbani. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akasema, "Mikono chini. Hapa si kambini." Akanifundisha kusimama wima na kusema shikamoo. Alinifundisha vizuri, siwezi kumnyima hilo. Tangu siku ile nikawa naona haya mikono ya bibi ikilia mbele ya watu.

Likizo ya darasa la tatu ikaja habari kutoka Tabora. Kaka yake bibi, mtu aliyemaliza ujana wake kwenye reli akibadilisha mataruma na kukaza skrubu kati ya Tabora na Kigoma, alikuwa mgonjwa, na mgonjwa wa kutopona. Anamtaka dada yake. Walikuwa wamebaki wawili tu katika watoto wa mama yao. Bibi hakulia. Alikwenda kwa wavuvi, ufukweni Katonga, alfajiri akarudi na migebuka beseni zima, akaibanika kwa moshi siku mbili hadi nyumba yote na nguo zetu zikanuka samaki. Akajaza mawese dumu moja, yale mekundu mazito, kwa sababu kaka yake alikuwa amesema Tabora wanapika kwa mafuta yasiyo na rangi.

Mjomba alimsihi apite kwa balozi wa nyumba kumi achukue barua ya utambulisho. Alisema siku hizi njiani kuna ukaguzi. Bibi alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Barua ya kunitambulisha hapa hapa kwetu?" alisema. "Reli hii kaka yangu kaikaza kwa mikono yake. Nitakuwa mgeni wa nani?"

Hilo ndilo kosa lake. Nimelitafuta jingine sijaliona.

Tuliondoka jioni. Na hapa lazima nikiri kwamba wanaosifu wana haki yao: ilikuwa raha. Viti vya mbao vinavyotazamana, harufu ya moshi wa dizeli na maganda ya machungwa, chuma kikigonga chuma mpaka usingizi unakuja wenyewe. Na ulikuwepo ule utaratibu wa watu wa Kigoma, kwamba ndani ya behewa hakuna anayekula peke yake. Ukifungua chakula, unafungulia wote. Mbele yetu alikaa mama mmoja mchuuzi wa vitenge, na pembeni yake, nguo zimepigwa pasi, mwalimu wetu akienda likizo kwao. Niliposema huyu ni mwalimu wangu bibi alifurahi sana. Alifungua migebuka na ugali wa muhogo, akawasukumia. Behewa zima likapita pale. Watu wa viti vya nyuma walinyoosha mikono. Mwalimu alikula samaki wawili wakubwa, akalamba vidole, akasema, "Bibi, mkono wako huu ni dawa." Mama wa vitenge akamwita bibi mama yangu mzazi. Nililala nimeegemea paja la bibi, tumbo limejaa.

Jua lilipokuwa limepanda, treni ilisimama kwenye kituo kidogo ambacho jina lake silitamki hadi leo. Wakapanda wakaguzi wawili, wakaanza kuuliza watu wanatoka wapi na wanakwenda wapi. Mmoja alikuwa kijana, ana kofia na daftari. Alipofika kwetu, bibi alimwona ni mkubwa wa serikali, na kwa mkubwa mtu hakai. Akanyanyuka, akainama, akakunja viganja. Akapiga makofi.

"Mwakeye, mwana wanje," alisema, akimwita mwanawe. "Mmeamkaje? Nyumbani hawajambo?"

Yule kijana hakuitikia. Alimgeukia mwenzake, akasema wanaosalimia hivi wote wako kambini. Akamwuliza bibi karatasi yake. Bibi akasema hana karatasi, ana kaka mgonjwa. Kadiri alivyokasirikiwa ndivyo Kiswahili kilivyomkimbia, kikaja Kiha, na kila neno la Kiha likamzidishia mashaka.

Nikasema, "Ni bibi yangu."

Mkaguzi akaniinamia. Akaniuliza shule, darasa, jina la mkuu wa mkoa. Nikajibu vyote, wima, kwa Kiswahili kile nilichofundishwa. Akatabasamu. "Mtoto huyu ni wa hapa," alisema. "Mama ndiye si wa hapa. Huyu mtoto anapelekwa wapi?" Kisha akasema jambo ambalo naona lilimpendeza kwa kulibuni. "Haya, kama ni bibi yako, salimianeni kama mnavyosalimiana nyumbani."

Bibi akanigeukia. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, maana hili alikuwa analiweza. Akainama, akanipigia makofi, taratibu, kama kila asubuhi. Mwakeye?

Behewa zima lilikuwa likinitazama, na mwalimu akinitazama. Nikaona nikipiga, mimi pia ni wa kambini, tutashuka wote na shuleni nitaitwa jina lile mpaka darasa la saba. Nikabana mikono katikati ya magoti. Bibi akapiga tena. Sikuitikia.

"Hata mtoto hamjui," mkaguzi alisema.

Nilikuwa na miaka tisa. Mtego ule aliutega mtu mzima, na ukipiga makofi umeshikwa, usipopiga umeshikwa. Hilo nalijua. Nimejisamehe mara nyingi na kila mara msamaha unaisha. Lakini wale wengine hawakuwa na miaka tisa. Mkaguzi aliwauliza, "Nani anamjua mama huyu?" Mama wa vitenge aliyekuwa na mama mzazi jana jioni alianza kupanga upya furushi lake. Wa viti vya nyuma walitazama dirishani, kama vile vichaka vya huko havijawahi kuonekana. Maganda ya ndimu waliyokamulia samaki wa bibi yalikuwa bado sakafuni miguuni pao. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema, lakini punda angalau anapiga teke ukamwona.

Akaulizwa mwalimu. Akakohoa kidogo.

"Mtoto namfahamu, ni mwanafunzi wangu," alisema. "Mama nimekutana naye humu humu ndani ya treni."

Alisema kweli. Hakuongeza hata chembe ya uongo. Hakufika nyumbani kwetu kamwe, hakumwona bibi kabla ya jioni ile. Angeweza kusema mtoto amenitambulisha, angeweza kusema jamani huyu ni Muha wa Kigoma, mimi ninaishi nao. Alichagua ile kweli ndogo isiyomgharimu, akaketi. Mpaka leo mtu akiniambia alisema ukweli mtupu, namwuliza ni ukweli upi na ulimfaa nani.

Wakamshusha bibi. Mimi nikakabidhiwa kwa mwalimu anifikishe Tabora. Nililia, nikashika kanga yake, wakanibandua kidole kimoja kimoja. Treni ilipoanza kusogea alikuwa amesimama pale chini, hana mzigo, hana viatu, maana vilibaki chini ya kiti. Alisema neno moja tu kupitia dirishani: "Mpelekee mawese yake. Mwambie niko njiani."

Mwalimu alilibeba dumu mpaka mlangoni kwa babu, yule kaka yake bibi, akaondoka bila kuingia. Babu alikuwa kitandani, amebaki mifupa, na mikono mikubwa ya mtu wa reli. Alitazama nyuma yangu, akatafuta mtu mwingine. Halafu akanisalimia. Aliinua viganja vile kwa shida, akavigonganisha mara mbili, sauti haikutoka. Hapo ndipo nilipopiga. Nilipiga makofi nikijibu kila alichouliza, nyumbani wazima, mihogo mizima, na alipouliza dada yangu yuko wapi nikasema yuko njiani. Akasema vema, nitamngoja.

Alingoja siku tatu. Mjomba alipata habari, akachukua barua ya balozi yenye mhuri, akapanda treni hadi kituo kile, wakamtoa bibi bila hata pole. Walifika Tabora siku moja baada ya mazishi. Udongo ulikuwa bado mbichi.

Nilimwona anaingia uani katikati ya wafiwa. Nikakimbia, nikapiga magoti mbele yake, nikainama na kumpigia makofi kwa nguvu zangu zote, nikilia, Mwakeye bibi, mwakeye. Watu wote wakageuka. Bibi alinitazama kwa upole, mikono yake imefichwa ndani ya kanga.

"Hujambo, mjukuu wangu," akasema kwa Kiswahili.

Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine. Alinilea, alinisomesha, alinipikia uji kila asubuhi kwa miaka mingine minane. Na kila asubuhi alinisalimia hivyo hivyo, hujambo, na mikono ndani ya kanga. Treni hakuipanda tena. Ikipiga honi ikiingia Kigoma aliendelea kuchambua dagaa kana kwamba hakusikia. Makofi yake sikuyasikia tena mpaka tunamzika.

Kwa hiyo wakiniambia raha za zamani zimepotea, nauliza, za nani? Behewa lile limekwisha kuwa chuma chakavu na silililii. Nalilia sauti moja tu, na hiyo haikuuawa na kutu.

Siku ile ya picha, baada ya vyombo, nilisimama jikoni peke yangu nikakunja viganja. Nikainama kidogo nikapiga, taratibu, kama alivyonifundisha. Mwanangu wa mwisho akachungulia mlangoni. Amezaliwa mjini huyu, Kiha hajui hata neno.

"Mama, unaua mbu?" akaniuliza.

Hasira yote hii niliyokueleza ilikuwa kifuani, na habari ya bibi ilikuwa mdomoni kabisa.

Nikamwambia ndiyo, mwanangu, naua mbu.