Mafuta Kwenye Kinanda

Shosho, mama yake mama, ndiye aliyenilea tangu nikinyonya. Ndiye aliyekuwa akimpelekea mwalimu wa kwaya maziwa kila Jumamosi ili anifundishe kinanda. Alikuwa akiniambia, "Siku yangu usije na maua. Njoo unipigie." Akafariki Jumatatu, mazishi yakapangwa Ijumaa, nami niko Doha, kwenye meza ya mapokezi ya kliniki moja hapa Al Sadd. Nikaenda kuomba ruhusa. Afisa wa wafanyakazi akatazama kompyuta yake, akasema likizo ya msiba ni ya baba, mama, mume au mtoto. Shosho hayumo. Nikamweleza kwamba huyo ndiye mama pekee ninayemjua. Akasema anaelewa, ila mfumo haukubali. Anaelewa nini, jamani? Nilirudi mezani, nikawachekea wagonjwa hadi saa kumi jioni, kwa sababu kuchekea watu ni sehemu ya kazi.

Mjomba ndiye aliyenipa njia. Nipige wimbo wa shosho kwa simu ya video, yeye ataiunganisha simu na spika pale kaburini. Saa za huku na za nyumbani ni zile zile, na Ijumaa kliniki hufungwa. Haya basi. Kinanda nilichoweza kukipata ni piano ya umeme ya ushirika wetu wa Wakenya, inayokaa sebuleni kwa mama wa maombi, yule anayetuongoza kwenye sala, kule Umm Salal. Mimi ndiye ninayeipiga kwenye ibada kila Ijumaa.

Lakini ilikuwa mbovu. Kwa wiki tatu vibonyezo vitano vya katikati vilikuwa vimekufa kabisa, unabonyeza, kimya. Viwili vingine ukivigusa kwa ncha ya kidole vinalia kama umevipiga ngumi. Na waimbaji walikuwa wameshaamua kosa ni la nani. "Dada, punguza nguvu, unapiga kama unatwanga mahindi." Wengine walisema nina uchungu moyoni, ndiyo maana. Kila mara nilirudi chumbani kwangu Najma nikiongea peke yangu ndani ya basi.

Jumatano ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nikaenda Umm Salal na bisibisi. Nikavaa vipokea sauti kwanza, kuona kama shida ni spika. Si spika. Nikaizima piano, nikairudisha kwenye mipangilio ya kiwandani. Wapi! Basi nikailaza kifudifudi juu ya blanketi, nikafungua skrubu zote, nikazipanga kwenye karatasi kwa mfuatano wake ili nisichanganye. Chini ya vibonyezo kuna ukanda wa mpira wenye vidonge vyeusi. Ukibonyeza, kidonge kinagusa sahani ya umeme, sauti inatoka. Nilipouinua ule ukanda, vidole vikateleza. Nikavinusa. Mafuta ya zeituni, na manukato juu yake.

Nikamwita mama wa maombi kutoka jikoni. Ni nesi, mtu mzima, amenizidi miaka ishirini. Nikamwonyesha vidole.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni mafuta ya upako, mpenzi," akasema bila wasiwasi wowote. "Wiki ile ya kufunga na kuomba tulikiweka wakfu. Nilipaka kibonyezo kimoja kimoja, nikamimina na katikati, ili shetani asipate pa kukaa."

"Shetani amekosa pa kukaa, mama, na umeme umekosa pa kupita!"

Nilipiga kelele. Nilimpigia kelele mtu wa umri wa kunizaa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na sikujali. Wiki tatu nasemwa, wiki tatu naambiwa nina uchungu moyoni, kumbe chupa ya mafuta iko kwenye mkoba wake! Akaketi sakafuni taratibu. Akasema, "Nilikuwa nakuombea wewe." Akainuka, akaleta pamba na spiriti ile ya kupangusa ngozi kabla ya sindano, akaanza kusafisha upande wake. Tulipangusa kidonge baada ya kidonge hadi adhuhuri. Nilipofunga skrubu ya mwisho nikapiga kutoka chini hadi juu, vyote themanini na vinane, na vyote vikaitika. Hapo ndipo nilipolia, na bado nilikuwa na hasira naye.

Ijumaa mama wa maombi akanishikia simu. Mjomba akatuonyesha jeneza, akatuonyesha mashangazi kwenye viti vya plastiki, akasema, "Haya mami, piga." Nikaanza. Kule kaburini wakaitikia. Lakini sauti yangu iliwafikia imechelewa, na yao ikanirudia imechelewa zaidi, mimi niko mstari wa pili wao ndio wanamaliza wa kwanza. Nikapunguza mwendo niwangoje. Wao nao wakapunguza wanifuate. Tukazidi kupunguza, mpaka wimbo ukawa unaburuta miguu na watu wakaanza kutazamana. Nilikuwa nimekagua kila skrubu ya kile kinanda, na sikuwaza hata mara moja kuijaribu simu. Mjinga mimi!

"Acha tu, mami," mjomba akasema kwa upole. "Watu wanapotea."

Nikatoa mikono. Mara wakashika mwendo, sauti zikapanda, wakaimba vizuri sana bila mimi. Kisha nikasikia udongo ukianguka juu ya mbao. Mama wa maombi akaninong'oneza akiuliza kama azime simu. Nikamwambia aiache, angalau nimsikie shosho wangu akifukiwa.