Aliyemnawisha Askofu

Jumapili ya mavuno askofu alikuja kanisani kwetu, pembeni ya Msalato. Tangu kanisa lile likiwa la miti na udongo, mimi ndiye ninayemmiminia mgeni maji ya kunawa kabla hajala ugali wa uwele na mlenda. Safari hii birika alikabidhiwa mama mmoja wa wizarani, aliyehamia juzi tu. Akapiga goti polepole, kitenge chake kipya kisiguse vumbi, na askofu akamwambia, "Asante, binti yangu." Mimi miaka yote huniambia "Asante" tu, basi.

Nikamvuta mchungaji jikoni. "Baba, mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa, bibi. Biblia inatufundisha watu wote ni sawa. Wale vibarua wa shamba la mizabibu, aliyekuja jioni alilipwa sawa na wa asubuhi."

"Alilipwa sawa, ndiyo. Lakini hakuna palipoandikwa kwamba wa jioni ndiye aliyemnawisha mwenye shamba."

Mchungaji akakuna kidevu. Wenzangu wakainamia masufuria kuficha vicheko.

Mara yule mama akaingia na birika, akapiga goti mbele yangu, kwenye majivu kabisa. "Shikamoo bibi. Karibu unawe."

"Marahaba." Nikanawa, maana mikono ilikuwa na mlenda. Maji yalikuwa vuguvugu, vilevile ninavyoyapasha mimi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Kwa hiyo, msomaji, usawa umo katika Biblia, sibishi. Ila mavuno ya mwakani birika litalala chini ya kitanda changu.