Wachuma Kahawa wa Vitabuni

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nikisoma prufu, kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, kwenye kiwanda kidogo cha chapa River Road. Tulichapa hadithi za bei rahisi, nyingi za vibarua wa mashambani. Na vibarua wenyewe walikuwa wa aina mbili tu: mlevi wa kuchekesha, na mzee mpole anayekufa mvuani ameshika udongo. Nilimwambia bosi kwamba baba yangu alichuma kahawa kwenye mashamba ya kupita Westlands tangu alipokuja kutoka magharibi mwa nchi, wala hakufanana na yeyote kati yao.

"Dada, hiyo ya mzee ndio inauza," akasema. "Wewe angalia spelling."

Basi nikaangalia.

Baba alikuwa mtu wa kujisikia. Kahawa hakuinywa, alisema inanuka kazi. Jumamosi alipiga suruali pasi mpaka ikasimama yenyewe, akaenda Westlands kubishania bei ya viatu ambavyo hakuwa na nia ya kuvinunua. Kwenye mchezo wa drafti aliiba waziwazi, na ukimshika anakununia wiki nzima. Alikufa kitandani, amenuna kwa sababu chai ilikosa sukari. Nilipoletewa habari nilimaliza ukurasa niliokuwa nao, nikavaa sweta.

Ibada ilifanyika Kangemi kabla ya kumsafirisha. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho ya kusema baba alivyokuwa. Kule kwao aliondoka kijana, hawamjui. Aliyesimama ni kaka yangu, mwalimu, ambaye nilikuwa nikimpa vitabu vyetu.

"Baba alikuwa mtu wa udongo," akaanza. "Hakulalamika. Aliinamisha kichwa, akachuma."

Nilizijua sentensi hizo, za yule mzee wa vitabuni. Koma ile ya baada ya "kichwa" niliiweka mimi. Sikukasirika wala sikuona haya. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi. Watu wakalia, hata majirani aliokuwa amewanunia.

Mama akaniinamia. "Huyu anaongea juu ya nani?"

"Baba."

"Baba ya nani?"

Pasta akauliza kama kuna mwenye neno la kuongeza. Mama akanishika mkono, akaninyanyua kidogo, nami nikasimama. Yote nilikuwa nayo mdomoni. Kanisa zima lilikuwa likijifuta machozi.

"Kaka amesema yote," nikasema.

Mama akauachia mkono wangu.